Alamu ya besimenti inalia usiku wa manane: kabla ya kuinyamazisha fungua mfuniko wa shimo

Dada mmoja wa Cedar Rapids, Iowa, hapa Marekani, kaniandikia, nafupisha kidogo: "Kaka fundi habari za kazi. Sisi ni watu wa Uvira, tulipitia kambi ya Nyarugusu, hapa tuna miaka sita na mwaka jana Mungu katusaidia tumenunua nyumba, ya zamani, ina besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi. Wiki iliyopita mvua imenyesha usiku kucha, saa nane kitu kikaanza kulia kule chini kama alamu ya gari. Mume wangu akashuka akachomoa nyaya zote kikanyamaza tukalala. Asubuhi maji yamefika kwenye kifundo cha mguu, zulia lote limelowa. Tukachomeka nyaya tena, pampu ikawaka, maji yakaisha. Sasa kuna kitu kinafanya tik kila baada ya dakika. Fundi mmoja kaja, anasema pampu ni ndogo tununue kubwa, dola 1,900. Bima wanasema hawalipi. Hiyo alamu inamaanisha nini na je ni kweli pampu ni ndogo?"

Dada yangu poleni sana. Na shemeji msimseme sana bana, mi ni fundi bomba huku Iowa mwaka wa kumi na nne sasa na karibu kila nyumba ninayoitiwa maji yameingia kuna mtu alishuka saa nane akazima kelele akarudi kulala. Hawa waliotengeneza hicho kidude hawajakiwekea maneno, kinapiga kelele tu, na sisi tuliokulia kwenye nyumba zisizo na chumba chini ya ardhi tutajuaje.

Jibu fupi kwanza: pampu yako sidhani kama ni ndogo, usilipe hizo dola 1,900 bado, soma mpaka mwisho.

Sasa hilo shimo lenye pampu kule besimenti ni la nini. Mvua ikinyesha sana, au mwezi wa tatu theluji ikianza kuyeyuka, maji yanazama ardhini yanakuja kuegemea kuta za besimenti. Nyumba nyingi zina bomba lenye vitundu limezunguka msingi, linayapokea hayo maji na kuyaleta kwenye shimo lililoko kwenye kona, mara nyingi pipa la plastiki lenye upana wa inchi 18 hivi na kina cha futi mbili au zaidi kidogo. Ndani kuna pampu na pampu ina boya. Boya hili unalijua, ni ndugu yake lile la kwenye tanki la maji la nyumbani, ila kazi yake imegeuzwa: kule tanki likijaa boya linafunga maji, huku shimo likijaa boya linawasha pampu, maji yanasukumwa nje, boya linashuka, pampu inazima. Ndo hivyo tu, hakuna uchawi. Alamu yenyewe haiko ndani ya pampu, ni kifaa cha pembeni chenye boya lake au kisensa chake kilichofungwa juu zaidi ya pale pampu inapotakiwa kuwaka, kwa hiyo ikilia inasema kitu kimoja, maji yamepita mstari ambao pampu ilitakiwa iwe imeshayashusha. Kwa nini yamepita yenyewe haijui, hiyo kazi ni yako na tochi.

Halafu sio kila mlio ni huohuo. Mlio mrefu usiokatika, au wa haraka haraka, huo ndo wa maji. Hiyo tik moja kila dakika ni betri ya alamu inakufa, ile ndogo ya mstatili ya volti 9, inauzwa kila duka, badilisha leo. Lakini hakikisha kwanza inatoka kwenye alamu ya maji kweli, maana alamu ya moshi nayo betri ikiisha inafanya hivyo hivyo, na kule chini sauti inazunguka huwezi kujua inatokea wapi mpaka usimame chini yake. Na ukisikia milio minne, kimya, milio minne, kimya, hiyo ni ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, hapo hutafuti betri, toa watoto nje kwanza halafu piga 911. Nalisema hili kwa sababu maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, na besimenti nyingi ndo humo humo tanki la maji ya moto na tanuru la gesi la kupashia nyumba joto vimesimama. Kama maji yaligusa sehemu ya chini ya hivyo vitu usiviwashe mpaka mtu wa gesi avikague.

Kuna nyumba zina pampu ya pili ya akiba inayotumia betri kubwa kama ya gari, na kasha lake ukutani lenye vitaa. Hilo linalia kwa sababu nyingi, umeme umekatika, betri imechoka, maji ya betri yamepungua, lakini kuna mlio mmoja ambao watu wanaudharau kuliko yote: ule unaosema pampu ya akiba imefanya kazi. Mtu anaona shimo kavu, anabonyeza kitufe, basi. Sasa jiulize, kama umeme ulikuwepo, kwa nini ya akiba ndo iliwaka? Maana yake ile pampu kuu imekufa au imezidiwa na we unaishi kwa betri bila kujua. Kwenye barua yako hujataja kasha kama hilo kwa hiyo nachukulia hamna, nitarudi hapo.

Turudi usiku ule. Kitu kinachonifanya nisiamini habari ya pampu ndogo ni maneno yako mwenyewe, kwamba asubuhi mlipochomeka nyaya pampu ikawaka na maji yakaisha. Mota inafanya kazi, bomba la kutolea liko wazi. Sasa alamu ililia kwa nini wakati nyaya zote zilikuwa bado zimechomekwa? Nashuka na maelezo ila niahidini jambo moja, hakuna mtu anakanyaga maji kwenye besimenti wakati umeme umewashwa. Hakuna. Kama sanduku la breka, zile swichi kuu za umeme, liko juu au mnalifikia bila kulowa zimeni ya besimenti, kama liko huko huko ndani ya maji pigieni kampuni ya umeme waje wakate kutoka nje. Shemeji alishuka gizani akachomoa plagi na maji yakiwa yanapanda, namshukuru Mungu tunaongea.

Haya, pakiwa pakavu, fungua mfuniko. Cha kwanza angalia boya. Katika pampu kumi ninazoitiwa kwamba zimekufa, nyingi hazijafa, ni boya limenasa. Lile linaloning'inia kwa waya ndo baya zaidi, pampu ikitetemeka miaka na miaka inajisogeza kidogo kidogo mpaka boya linabanwa kwenye ukuta wa pipa, maji yanapanda lenyewe limelala pale, halafu mtu akigusa gusa nyaya, kama alivyofanya shemeji, linaachia, asubuhi pampu inawaka kama hakuna kilichotokea. Naona kama ndo kisa chenu hiki. Kuna na utando wa rangi ya chungwa kama kutu yenye kamasi, bakteria wa chuma hao, huku wako wengi, wanaganda kwenye boya linakuwa zito. Osha tu.

Cha pili angalia plagi. Pampu nyingi zina plagi mbili zimepandana, ya boya inaingia kwenye soketi ya ukuta, halafu ya pampu inaingia mgongoni mwa ile ya boya. Mkirudisha ya boya peke yake pampu haipati umeme. Mkirudisha ya pampu peke yake moja kwa moja ukutani inazunguka bila kusimama hata shimo likiwa kavu, na hizi za kuzama zinapozwa na maji yenyewe, kavu inaungua. Lakini hapo hapo kuna kipimo kizuri: mwaga maji shimoni, chomoa zote mbili, chomeka ya pampu peke yake sekunde chache tu. Ikifanya kazi hivyo na ikigoma ukipitisha kwenye boya basi mgonjwa ni swichi ya boya, na kwenye pampu za aina hii swichi inabadilishwa peke yake, sio kununua pampu. Isipotoa sauti kabisa, tazama breka, na tazama kama soketi ni ile ya usalama yenye vitufe viwili katikati, zinaruka zenyewe zikihisi umeme unavuja, mfano kwa sababu ya unyevu, bonyeza riseti. Ikivuma lakini maji hayaendi kuna jiwe limebana feni ya ndani, au hewa imenaswa kwenye bomba. Hapo utaona mafundi wazuri wanatoboa kitundu cha milimita 3 hadi 5 hivi kwenye bomba ndani ya shimo chini ya valvu ili hewa itoke, kwa hiyo ukiona kinatema maji pampu ikiwaka usikizibe, nimekuta nyumba baba kakifunga na gundi anajiona kaokoa jahazi.

Hiyo valvu nayo muhimu, ipo kwenye bomba linalopanda juu, ni ya kuruhusu maji yaende njia moja tu yasirudi. Ina mshale, mshale unaangalia juu. Ikichoka utasikia pampu inazima, halafu mporomoko wa maji, halafu baada ya muda mfupi inawaka tena, inazima, inawaka, inasukuma maji yale yale, na hiyo kuwaka waka ndo inaua mota. Dola 20 hivi.

Sasa hesabu ya ukubwa, na hii nataka umwonyeshe huyo fundi. Mvua kubwa ikinyesha tena, maji yakiingia kwa kasi, subiri pampu ishushe maji ijizime, chomoa plagi dakika moja kwa saa uone maji yamepanda inchi ngapi. Shimo la upana wa inchi 18 kila inchi moja ni lita 4 na kidogo. Tuseme yamepanda inchi 6, hiyo ni kama lita 25 kwa dakika, na hiyo ni mvua ya maana. Pampu ndogo kabisa ya kawaida, ya theluthi moja ya nguvu farasi, ikisukuma maji juu futi 10 inatoa galoni kama 2,000 kwa saa, yaani lita 125 hivi kwa dakika. Mara tano! Kubwa zaidi ya hapo ingekusaidia nini? Ingekausha shimo haraka mno ijizime, ijiwashe, ijizime, inakufa mapema. Kuna nyumba zinazohitaji kubwa, maji ya ardhini yako juu muda wote au bomba linapanda mbali, ila mtu anapima kwanza ndo anasema. Huyu alipima? Angalia na umri, nyingi zinaishi miaka 7 mpaka 10, kama yenu imerithiwa na nyumba na hakuna anayejua iliwekwa lini basi badilishani ya ukubwa ule ule, pampu nzuri ya kuzama yenye mwili wa chuma inapatikana kwa dola 150 hadi 300, kazi yenyewe fundi aliyezoea anamaliza kabla ya chakula cha mchana. Na mwambie akuwekee yenye boya linalopanda wima kwenye fimbo, hilo halinasi kirahisi.

Pesa itakayobaki ndo uweke mahali penye tatizo la kweli, nalo ni umeme. Pampu hii inahitajika sana usiku wa dhoruba, na usiku wa dhoruba ndo umeme unakatika. Waliokuwepo Cedar Rapids tarehe 10 Agosti 2020 wanakumbuka ile derecho, upepo uliolaza mahindi na miti, karibu mji wote giza, wengine zaidi ya wiki nzima bila umeme. Unaweza kuwa na pampu ya dola 1,900, bila umeme ni jiwe. Kwa hiyo pampu ya akiba ya betri, volti 12, na betri iwe ile ya kutumika taratibu mpaka chini kama za boti, sio ya kuwashia gari, ya gari ukiimaliza mara chache imekwisha. Betri ya Ah 75 (ampea-saa) pampu ikila ampea 15 mfululizo inakupa saa tano hivi, lakini pampu haizunguki mfululizo, inawaka na kuzima, kwa hiyo inaweza kukufikisha siku moja au zaidi. Kila miaka 3 hadi 5 betri mpya. Kama ni ya kuongeza maji, weka yale yaliyotoneshwa yasiyo na chumvi, sio ya bomba wala sio asidi. Ipo na pampu ya akiba inayoendeshwa na presha ya maji ya mji, haihitaji betri kabisa, ila inatumia kama galoni moja ya maji safi kutoa mbili za shimo, na wenye kisima chao haiwafai kwani umeme ukikatika kisima nacho kimekufa. Jenereta ni sawa, ila nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, kamwe sio gereji wala humo besimenti, hiyo inaua familia nzima usingizini.

Na hizi alamu mpya za wifi zinazotuma meseji kwenye simu, nzuri ukiwa zamu ya usiku kiwandani, lakini umeme ukikatika rauta nayo imezima, hakuna meseji inayokuja. Weka na ile ya kelele ya betri, dola 20, zote mbili.

Nje ya nyumba sasa, na hapa ndo hakuna gharama. Futi za mraba 1,000 za paa zikipata inchi moja ya mvua hiyo ni galoni 623, madumu ya lita 20 kama 118. Zunguka nyumba uone gata, ile mifereji ya paa, zinamwaga wapi. Kama bomba la gata linaishia pale pale ukutani basi unamwaga madumu 118 kwenye msingi wako halafu unalipa umeme kuyatoa, ongeza kipande cha bomba liende futi 6 hadi 10 mbali. Udongo uinamie nje, inchi 6 kwa futi 10 za kwanza. Bomba la pampu nalo lisimwage karibu, maji yatazunguka yarudi, na msiliunganishe na bomba la choo, miji mingi inakataza na ina faini, wala lisimwage kwenye njia ya watembea kwa miguu maana Januari inakuwa barafu mtu atavunjika. Mdomo wake baridi ikikolea angalia usigande, ukiziba kwa barafu pampu itasukuma mpaka iungue.

Mfuniko wa shimo rudisheni na uzibwe vizuri, sio kwa sababu ya watoto peke yao. Kaunti zote 99 za Iowa ziko kwenye kundi la juu kabisa la gesi ya radoni, haina harufu, inaleta kansa ya mapafu, na shimo wazi ni mlango wake.

Bima. Bima ya kawaida ya nyumba haihesabu maji ya shimo kufurika wala mafuriko, kwa hiyo hawajawadanganya, ila pigeni simu muulize nyongeza ya "water backup and sump overflow", mseme neno kwa neno hivyo hivyo, isiwe "maji" tu, mtajibiwa kingine. Na hiyo sio bima ya mafuriko ya mto. Ya mto ni ile ya serikali kuu, NFIP, inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia, na kwa besimenti inalipa vitu kama tanuru, tanki la maji ya moto na pampu yenyewe, sofa na zulia la besimenti hapana. Mwaka 2008 mto Cedar ulipanda mpaka futi 31 na zaidi, wakati mafuriko yanahesabiwa kuanzia 12, hapo hakuna pampu ya shimo inayosaidia. Tena maji ya namna ile besimenti ikijaa usikimbilie kuyatoa yote siku moja, udongo wa nje umelowa unasukuma ukuta, ukuta unaanguka ndani. Theluthi moja kwa siku.

Na kama siku nyingine mtaona maji yanatokea kwenye tundu la sakafu na yananuka, hilo sio shimo wala pampu, ni mfereji wa majitaka umerudi, mwite fundi wa majitaka.

Zulia mlilifanya nini? Kama sponji ya chini yake ilibaki na maji zaidi ya siku mbili, ng'oeni tupeni, ukungu tayari uko humo hata kama juu limekauka, na mtoto mwenye pumu asilale huko. Mashine ya kukausha hewa iwake mchana na usiku.

Jumamosi mkiwa nyumbani wote, badilisheni betri ya alamu, mwageni ndoo ya lita 20 shimoni taratibu, na shemeji asimame pale ajue mlio wa pampu nzima ukoje. Ndoo moja isipoinua boya ongezeni ya pili. Maji yakifika juu na boya bado limelala, nitumie picha ya ndani ya shimo na ya hizo plagi ukutani kabla hamjampigia yule fundi.